Mtungi wa Mama Mkwe Ulipoanza Kunguruma

Mwanangu, nakumbuka siku niliyoiona silanga, lile bwawa la kina Odhiambo, kwa mara ya kwanza. Nilisema moyoni kwamba hapa nitaolewa hata kama bwana mwenyewe atabadilisha nia. Ilikuwa miaka ya tisini, nami nilikuwa msichana wa Rongo, mtoto wa mashamba ya miwa. Maji niliyoyajua mimi ni ya mto na ya bomba la sokoni. Kumbe huku Homa Bay kuna watu wenye ziwa dogo lao nyuma ya nyumba!

Baba mkwe ndiye aliyeichimba silanga ile pamoja na majirani, ng'ombe wapate kunywa. Ng'ombe walikunywa, lakini wageni wengine wakaja bila kualikwa. Matete yaliota ukingoni, na juu yake minana walifuma viota vyao huku wakigombana tangu asubuhi hadi jua linatua. Yungiyungi zilitandaza majani juu ya maji, ua linafunguka asubuhi na kujifunga tena wakati wa joto. Mdiria alining'inia hewani akipigapiga mabawa, kisha akajitupa majini na kuibuka na kisamaki. Kulikuwa na kenge mmoja mnene aliyeota jua upande wa pili na kuwaibia bata wa Mama mkwe mayai, na Mama alikuwa anamjua kabisa, anamtukana kwa jina la jirani ambaye sitamtaja. Jioni vyura walianza, na wakishaanza hata redio ya Baba mkwe ilibidi izimwe.

Nilikwenda kwetu nikasimulia hayo yote, nikasahau kumsifu Odhiambo. Mama yangu akaniuliza kama naolewa na mtu au na vyura.

Sasa, jambo moja lilikuwa gumu. Sisi tulikuwa Wakatoliki, na kina Odhiambo walikuwa Wasabato, tena si Wasabato wa pembeni. Baba mkwe alikuwa mzee wa kanisa. Ikakubaliwa nikae kwa mama mkwe miezi michache kabla ya harusi, nijifunze, na wazee wa kanisa wanitazame. Wakiridhika, nitabatizwa na harusi itafungwa. Wasiporidhika, Baba mkwe alisema mbele yangu bila kupepesa macho, basi nitarudi Rongo kwa amani. Ile "kwa amani" ilinitia baridi. Nilikuwa nimempenda Odhiambo, na kurudi nyumbani na sanduku mkononi, macho ya watu yote kwako, si mchezo.

Nilipohamia kwao, jua lilikuwa limewaka mwaka huo mpaka likapitiliza. Silanga ilikuwa imekauka. Matete yalikuwa makavu, viota vya minana vinaning'inia bila mwenyewe, na pale palipokuwa na yungiyungi palikuwa na udongo uliopasukapasuka. Hata kenge alikuwa amehama, na bata wawili waliobaki walizunguka pale katikati wakidonoa vumbi. Baba mkwe alikuwa akienda ukingoni kila asubuhi, anatazama, anarudi.

"Silanga imekufa," alikuwa anasema. "Hakuna kitu huko ndani. Hata chura moja."

Mama mkwe alikuwa mwanamke mrefu, mkimya, mwenye macho ya kuona vumbi lililo nyuma ya kabati. Hakuwa mkali, ila hakuwa na maneno. Aliniita miaha, yaani bibi harusi, na baada ya hapo lilifuata neno moja tu. "Miaha, kuni." "Miaha, maji." Nami nilikuwa nimefundwa na shangazi zangu kwamba mwali hamuulizi mama mkwe maswali. Ukiulizwa, jibu. Usipoulizwa, fagia. Basi nilifagia, mwanangu, mpaka ua ule ukaanza kuonyesha mawe.

Siku moja akaniambia habari kubwa kuliko kawaida. Mchungaji anakuja Sabato hii pamoja na wazee wawili, kunitazama. Nyumba isiribwe upya, na kile kikalio cha udongo pale kona ya sebule, ambacho mtungi wa maji hukaa juu yake, kimebomoka. Nikijenge kipya.

"Udongo nitoe wapi, Mama?" Hilo nilithubutu.

"Silanga," akasema. "Chini kabisa. Udongo ya huko inashika."

Nikachukua jembe na karai. Udongo wa juu ulikuwa vumbi tupu, lakini nilipochimba chini nikapata mweusi, mzito, safi. Nikasomba karai baada ya karai. Na huko chini nikakuta bonge moja kubwa, gumu, la kiasi cha boga la kushibisha watu. Nililigonga kwa mpini wa jembe, likakataa kupasuka. Mwenzangu mwenye akili angelipondaponda kama alivyofundishwa. Mimi nikaona nimeokota bahati: hili litakaa katikati ya kikalio zima zima, nilizungushie udongo laini, nimalize kazi mapema nikapumzike. Nikalibeba kichwani, nikaliweka kona ya sebule, nikalisiriba kwa udongo na samadi mbichi mpaka likang'aa. Juu yake nikaweka mtungi wa Mama, ule mkubwa wenye shingo nyembamba aliopewa na mama yake, nikaujaza maji.

Mama alikuja akatazama. Akauzungusha mtungi kidogo. Akasema, "Imekaa." Nilifurahi kana kwamba nimepewa ng'ombe.

Najua, wewe uliyezaliwa karibu na ziwa tayari unacheka, maana unajua ni nani hulala katika udongo wa silanga iliyokauka. Lakini mimi nilikuwa mtu wa miwa. Kamongo nilikuwa nimemwona Rongo sokoni tu, amekaushwa kwa moshi, amekatwa vipande, hana kichwa wala anwani. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba maji yakiisha samaki huyo hajihangaishi kama sisi. Hujichimbia matopeni, hujizungushia ute, hulala humo akipumua hewa mpaka mvua inyeshe. Na mtungi wa udongo, kama ujuavyo, hutoka jasho. Ndiyo maana maji yake huwa baridi. Jasho lile lilikuwa linashuka kidogo kidogo, mchana na usiku, moja kwa moja kwenye lile bonge langu la bahati.

Siku ya kwanza hakuna kitu. Ya pili, nilikuwa nachota maji na Mama ameketi mkekani anachambua mtama. Tulikuwa wawili tu. Ghafla nikasikia, "Gruuu."

Nikasimama na kata mkononi. Sauti ilikuwa fupi, nzito, ya ndani kwa ndani. Nikamtazama Mama kwa pembe ya jicho. Mama alikuwa ameinamia mtama wake kwa bidii ambayo mtama hauhitaji. Nikaelewa. Masikini, nikasema, ni tumbo. Mtu mzima, mke wa mzee wa kanisa, na mwali amesimama pale anasikia! Nikajikohoza kidogo kumsitiri, nikatoka nje na maji yangu.

Kuanzia siku hiyo sikupika tena maharagwe. Kunde nikaziacha pia. Nilimpikia mama mkwe wangu mboga laini laini, ugali mwepesi, nikawa namchagulia chakula kama anayetoka hospitali. Hakuniuliza kwa nini, nami sikumwambia.

Lakini na mimi nikaanza kuona mambo. Asubuhi iliyofuata Mama aliniletea kikombe cha mwarobaini uliochemshwa. "Kunywa," akasema. Nikanywa. Mwanangu, kama hujawahi kunywa mwarobaini kabla ya chai, omba usijaliwe. Jioni akaniletea kibuyu cha uji, akasimama juu yangu mpaka nikamaliza. Kesho yake mwarobaini tena, uji tena, na viazi vitamu alivyovifunika pembeni akanipa kwa siri ili wengine wasione. Nilidhani ndivyo Wasabato wanavyoandaa watu kwa ubatizo. Nikamwonea huruma Odhiambo, kwamba amekua na uchungu ule wote tumboni.

Na ile sauti ikaendelea. "Gruuu," nikiwa nachota maji. "Gruuu," Mama akiwa anakunja nguo. Kila mara tulikuwa tunapishana macho na kuhamia shughuli nyingine. Heshima ilikuwa imejaa katika nyumba ile, tena sana.

Sabato ikafika. Chakula kilikuwa kimepikwa tangu Ijumaa, mtungi umejazwa mpaka shingoni kwa ajili ya wageni, vitambaa vyeupe vimetandikwa juu ya makochi. Mchungaji akaingia na wazee wawili. "Sabato njema, Sabato njema," mikono ikashikwa. Mchungaji alikuwa kijana Mkuria, mtu wa milimani huko Migori, ndiyo kwanza ameletwa kuhudumu pande za ziwa. Dholuo, lugha ya huku, alikuwa hajaishika, kwa hiyo mazungumzo yote yakawa ya Kiswahili. Mimi niliketi mkekani karibu na Mama. Odhiambo alikuwa kwenye kiti cha mlangoni. Baba mkwe alikaa wima katikati, amevaa tai.

Mzee mmoja, mwembamba, mwenye fimbo, hakunipenda tangu mwanzo. Nilikuwa nimesikia akimwuliza Baba mkwe pale nje, "Huyu bado ako na rozari kwa sanduku?" Ilikuwepo kweli. Mama yangu alikuwa ameitia mwenyewe.

Wakaniuliza maswali, nikajibu kwa sauti ndogo. Yalikwenda vizuri. Mchungaji akasema sasa tuombe, ndipo atoe uamuzi. Tukapiga magoti.

Mchungaji alikuwa na sauti nzuri na pumzi ndefu. Alianza na uumbaji. Alipofika kwa Nuhu na gharika, kona ya sebule ikasema, "Gruuuu."

Nikakaza macho. Leo, Mama, leo kweli? Nikajikohoza. Na wakati huo huo Mama naye akajikohoza, akanifinya mkono taratibu, kwa huruma. Sikuelewa.

Mchungaji akapandisha sauti. "Gruuu-kwaa!" ikajibu kona. Mzee mwenye fimbo akasema "Amina" kwa mashaka, akidhani labda ni mwenzake. Mchungaji akafumbua jicho moja. Nami nikafumbua. Watu husema mtu mpole ametulia kama maji ya mtungi, lakini maji ya mtungi ule hayakutulia hata kidogo. Yalikuwa yanachezacheza shingoni na kumwagika. Mtungi wenyewe ulikuwa umeinama upande, ukajisahihisha, kisha ukainama tena.

"Toka!" mchungaji akapaza sauti, mkono juu. "Wewe pepo, toka ndani ya hiyo mtungi! Toka sasa!"

Na kweli akatoka.

Kikalio changu kilipasuka, mtungi wa Mama ukaanguka ukavunjika vipande, maji yakamwagika sebule nzima, na katikati ya maji yale akatokea mnyama mweusi, mrefu kama mkono wa mtu mzima, amepakwa matope, anajinyonganyonga na kufumbua kinywa. Mchungaji alikuwa juu ya kochi kabla sijajua kama kuna watu wanaoweza kuruka kutoka magotini. Wazee walipanda meza. Bwana wangu mtarajiwa, ambaye wiki hiyo hiyo alikuwa ameniambia atanilinda maisha yake yote, alikuwa wa kwanza kufika nje. Mpaka leo anasema alikwenda kutafuta fimbo.

Baba mkwe ndiye aliyebaki amesimama chini, tai imelowa. Aliinama akatazama. "Hii ni kamongo," akasema polepole.

"Kamongo gani inaishi kwa nyumba?" akauliza mzee mwenye fimbo kutoka mezani. Kisha akanielekezea fimbo ile. "Nani alijenga hapo?"

Baba mkwe akanitupia jicho.

"Ni miaha," akasema Baba mkwe.

"Basi aseme. Mnyama hai chini ya maji ya familia, na yeye ndiye ameweka! Watu wa kwetu wanajua hiyo kazi inaitwa nini. Huyu msichana amekuja kwa hii boma na nini?"

Hapo, mwanangu, kicheko chote kilinitoka. Alikuwa hajalitaja lile neno, lakini kila mtu alilisikia. Nilitaka kusema ni udongo tu, sikujua, naapa. Lakini mwali hasemi mbele ya baba mkwe na wageni. Nilikuwa nimelishika somo hilo mpaka likawa linaniua. Nikaliona sanduku langu, nikaiona njia ya Rongo, nikaanza kulia.

Mama akasimama. Alivua leso yake ya mabegani, akamfunika yule kamongo, akamzoa na kumtumbukiza kwenye karai lenye maji kidogo. Halafu akamgeukia mzee.

"Mimi ndiye nilimtuma udongo kwa silanga," akasema. "Mimi nilimwambia achimbe chini kabisa. Kama ni uchawi, hiyo ni yangu. Shukeni kwa meza, hiyo ni meza ya kulia."

Wakashuka. Sijawahi kuwaona wazee wakishuka kwa adabu namna ile.

Kamongo akanguruma ndani ya karai. "Gruuu." Mama akamtazama. Akanitazama mimi. Niliuona uso wake ukibadilika, jambo fulani linapanda polepole.

"Miaha," akasema. "Kumbe haikuwa tumbo yako?"

"Tumbo langu?" Nilisahau kwamba mwali hasemi. "Mama, mimi nilidhani ni lako!"

"Langu?"

"Ndiyo nikaacha kupika maharagwe."

"Na mimi nimekupatia mwarobaini wiki mzima! Nilisema huyu mtoto ako na njaa, anaona haya kuomba chakula!"

Baba mkwe ndiye aliyeanza. Alijizuia, akashindwa, akaketi kwenye maji na suruali yake ya Sabato akicheka mpaka machozi. Mchungaji alifuata, bado yuko juu ya kochi, kitambaa kimemnasa kwenye kifungo cha koti. Hata mzee wa fimbo alificha uso. Mama hakucheka kwa sauti. Aliniketisha karibu naye, akanifuta machozi kwa ncha ya leso iliyojaa matope, nikawa mchafu uso mzima, na hapo nikajua sirudi Rongo.

Wazee, kwa kuwa walikuwa wazee, hawakukosa la kubishania. Wakauliza kama kamongo anaruhusiwa kuliwa, maana Msabato hali samaki asiye na magamba. Mmoja akasema ana magamba ila yamefichwa ndani ya ngozi. Mwenye fimbo akasema magamba ya kufichwa si magamba. Mchungaji akaomba Biblia.

"Mnabishana juu ya chakula ya nani?" Mama akawakata. "Huyu amelala kwa nyumba yangu. Haliwi." Akawekwa kwenye pipa kuukuu nyuma ya jiko, akawa anakula minyoo ambayo Odhiambo alimchimbia kwa adhabu.

Baba mkwe alitoka peke yake akaenda ukingoni mwa silanga. Alisimama pale muda mrefu. Aliporudi alisema asionekane mtu wa kuchimba tena huko chini mpaka mvua, na sikumsikia tena akisema silanga imekufa.

Wageni walipoondoka, Mama aliniita jikoni. Nilijua napata karipio, na nilipata.

"Ulisikia nyumba yangu inanguruma, ukanyamaza?"

"Niliogopa, Mama."

"Na mimi niliogopa. Mimi, mwenye nyumba." Akavipanga vile vigae vya mtungi wa mama yake mapajani. Sikuwa nimemwona akihuzunika kabla ya siku ile. "Nikakunywesha dawa badala ya kukuuliza neno moja. Sasa sikia. Ukiona kitu hapa, uliza. Mimi pia nitauliza. Hii heshima yetu karibu ikurudishe kwenu."

Mvua zilikuja, na silanga ikajaa. Vyura walirudi wa kwanza, sijui walikuwa wapi, wakaimba usiku ule ule. Viluwiluwi vikajaa ukingoni, kereng'ende wakazunguka juu yao, matete yakachipua, na yungiyungi ikatoa jani moja, kisha mengi. Tulimrudisha kamongo sote pamoja, na alipoguswa na maji mengi hakuaga mtu. Humo humo ndimo mchungaji alimonibatiza, baada ya kuuliza mara tatu kama kuna kitu ndani. Nilitoka na ruba mmoja mguuni. Mama alimng'oa akanionyesha, akaniambia jina lake kabla sijauliza.

Niliishi na mama yule mpaka Mungu alipomchukua. Tuligombana, ndiyo. Lakini tangu karai lile, sikumbuki siku tuliyokaa chumba kimoja kila mmoja akimdhania mwenzake.

Sasa wewe, mwanangu, unakwenda kuolewa kwa watu usiowajua, na shangazi zako wanakufundisha kunyamaza. Wasikilize kwa mengine. Kwa hili nisikilize mimi. Kuwastahi wakwe ni kupika, kupokea mzigo, kusalimia kwa magoti kama wanapenda, yote hayo fanya. Lakini ukisikia jambo ndani ya nyumba yako, uliza siku ile ile, kwa sauti ya kawaida, hata kama swali ni la kijinga. Wema nao hupotea njia usipoulizwa. Mama alinipenda wiki nzima kwa mwarobaini, nami sikujua kama napendwa. Na siku mwingine akinyooshewa fimbo mbele ya watu, awe mkwe wako au mgeni, usingoje kujua yote. Simama kwanza. Kuulizana mtaulizana jikoni.

Nenda, mama. Mungu akupe nyumba yenye maji, na watu wa kuyanywa pamoja nawe. Akupe mama mkwe mwenye mdomo, na wewe akupe mdomo wa kumjibu. Na siku ukikosa bila kujua, awepo mtu ndani ya nyumba hiyo wa kusema, "Mimi ndiye nilimtuma."